Stima inaporudi: Jinsi kompyuta ndogo inavyopima umeme kabla ya kuamka

STIMA inapopotea Lindi, kimojawapo cha vijiji vya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, si ajabu ikarudi kwa vipande. Taa huwaka, hufifia, huzimika tena, kisha hutulia. Wakazi wanaojua tabia hiyo hungoja kwanza taa iache kupepesa ndipo wachomeke televisheni au friji.

Vifaa ambavyo tayari vimechomekwa havina subira hiyo. Ruta ya intaneti iliyo juu ya paa la mabati, au kompyuta ndogo inayohifadhi masomo ya shule, huanza kuamka mara tu umeme unapoigusa. Iwapo umeme huo ni hafifu, au utakatika baada ya sekunde mbili, kifaa hakina habari. Subira ya binadamu hubidi iandikwe ndani yake na mhandisi, na mahali pa kuiandikia ni katika programu ya kwanza kabisa inayoendeshwa kifaa kinapowashwa.

Makala haya yanaeleza programu hiyo, chipu ya umeme inayoongozwa nayo, na kanuni ambazo wabunifu hufuata ili kifaa kisife wakati kinapojaribu kuamka. Ieleweke kwamba Lindi inayozungumziwa hapa ni ile ya Kibera, wala si mji wa bandari ulio kusini mwa Tanzania.

Kompyuta iliyofichika

Kompyuta pachikwa ni kompyuta iliyowekwa ndani ya kifaa kingine ili ifanye kazi maalumu. Ruta, kisimbuzi cha televisheni, mashine ya kusomea kadi dukani na kidhibiti cha mtambo wa sola ni mifano yake. Baadhi ni sahili mno na huendeshwa na programu moja tu. Nyingine zina nguvu ya kutosha kuendesha mfumo mzima kama Linux, na hizo ndizo tunazozitazama hapa.

Kompyuta ya namna hii hujengwa juu ya bodi moja yenye chipu kuu, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, na kumbukumbu ya kudumu aina ya flashi. Mara nyingi huwa haina betri, na mtumiaji hana kitufe cha kuizima kwa utaratibu. Huzimwa kwa kukatikiwa na umeme, jambo ambalo kompyuta ya mezani huliona kuwa ajali.

Programu anzishi

Chipu kuu inapopata umeme haijui chochote kuhusu Linux. Huanza kwa kusoma maagizo machache yaliyochongwa ndani yake kiwandani. Maagizo hayo hutafuta programu ndogo katika kumbukumbu ya flashi na kuiita. Programu hiyo ndiyo programu anzishi, ambayo mafundi huiita butiloda.

Kazi yake ni kuandaa kumbukumbu kuu, kuweka kasi ya chipu, kuhakikisha kwamba umeme uko sawa, kuupakia mfumo wa Linux na kisha kuukabidhi usukani. Kwa kawaida hufanya hivyo kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ndogo mno, kwa kuwa hubidi itoshe katika kumbukumbu iliyo ndani ya chipu yenyewe, ambayo aghalabu ni makumi tu ya kilobaiti. Hatua ya pili huja baada ya kumbukumbu kuu kuwa tayari.

Programu anzishi mashuhuri katika bodi hizi ni U-Boot. Mhandisi wa Ujerumani, Wolfgang Denk, aliiendeleza kutoka kwa kazi za awali zilizolenga chipu za PowerPC, na mwaka 2002 ikapewa jina inalotumia hadi leo. Ni programu huria: yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila malipo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa uhandisi aliye Nairobi husoma maandishi yale yale yanayosomwa na mhandisi wa kiwanda kikubwa ng'ambo.

Chipu ya kusimamia umeme

Umeme wa gridi nchini Kenya huingia nyumbani kwa volti 240. Adapta huushusha hadi volti 12 au 5. Hata hizo ni nyingi kupita kiasi kwa chipu kuu, ambayo kiini chake huhitaji takriban volti 1 na ushei. Kumbukumbu kuu nayo inataka volti yake, na sehemu za mawasiliano zinataka nyingine.

Kwa hiyo bodi nyingi huwa na chipu ya kusimamia umeme. Ndani yake mna vidhibiti volti kadhaa, kila kimoja kikilisha sehemu yake, na mara nyingi mna pia saketi ya kuchaji betri.

Mfano unaojulikana vyema ni TPS65217 ya kampuni ya Texas Instruments, inayotumika katika bodi ya BeagleBone Black iliyotolewa mwaka 2013. Chipu hii huuzwa kwa matoleo yanayotofautiana katika volti za kuanzia. Toleo C huipa kumbukumbu ya DDR3 volti 1.5, ilhali toleo D huipa DDR3L volti 1.35. Tofauti ni ndogo, lakini fundi anayebadilisha chipu iliyoungua bila kuangalia herufi ya mwisho aweza kurejesha bodi isiyotulia.

Chipu kuu na chipu ya umeme huzungumza kwa nyaya mbili kwa mtindo uitwao I2C, uliobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Waya mmoja hupiga mapigo ya saa na wa pili hubeba ujumbe. Ndani ya chipu ya umeme mna visanduku vya namba viitwavyo rejista. Kuandika namba katika rejista fulani hupandisha volti, na kusoma nyingine hueleza iwapo umeme unatoka kwenye adapta, kwenye waya wa USB au kwenye betri.

Kiendeshaji na kazi yake

Programu anzishi yenyewe haizijui rejista hizo. Huhitaji kiendeshaji, yaani kipande cha programu kinachoijua lugha ya chipu moja na kuitafsiri kwa programu nyingine.

Zamani kila bodi ilikuwa na maandishi yake. Mhandisi aliyetengeneza bodi mpya alinakili ya mwenzake na kubadilisha namba, pamoja na makosa yaliyokuwamo. Mwaka 2014 U-Boot ilianza kutumia utaratibu mmoja wa viendeshaji, na mwaka 2015 utaratibu huo ukapanuliwa kwa madaraja mawili: moja la chipu za umeme na jingine la vidhibiti volti.

Maelezo ya bodi sasa huandikwa katika faili linaloitwa mti wa vifaa. Humo hutajwa kila kidhibiti volti, kiwango chake cha chini na cha juu, na kama chapaswa kuwashwa mapema au kisizimwe kamwe. Pale kiwango cha chini na cha juu vinapolingana, U-Boot huweza kuweka volti hiyo yenyewe. Pakiwa na nafasi kati ya viwango hivyo, haibahatishi.

Faida yake ni kwamba mtu akibadilisha bodi hubadilisha maelezo, si programu. Aidha, mti huo huo husomwa baadaye na Linux, hivyo programu mbili zinazopokezana usukani hazipingani kuhusu volti.

Volti kwanza, kasi baadaye

Kanuni ya kwanza ya kiendeshaji cha umeme ni mpangilio. Chipu kuu inapotakiwa kwenda kasi zaidi, volti hupandishwa kwanza kisha kasi. Inapotakiwa kupunguza mwendo, kasi hushushwa kwanza kisha volti. Anayegeuza mpangilio huo hupata kompyuta inayokosea hesabu bila dalili yoyote, na makosa hayo huenda yakaandikwa katika kumbukumbu ya kudumu.

BeagleBone Black huonyesha kanuni hii waziwazi. Ili chipu yake ifikie megahezi 1,000, U-Boot huiagiza TPS65217 itoe volti 1.325 kwa kiini, kisha ndipo huongeza kasi.

Kanuni ya pili ni kuuliza chanzo cha umeme kabla ya kuagiza mzigo. BeagleBone ya awali, iliyotoka mwaka 2011, iliweza kufika megahezi 720. Hata hivyo, U-Boot husoma kwanza rejista ya hali. Ikiona kwamba adapta haipo na bodi inalishwa na waya wa USB pekee, hutoa taarifa fupi na kuiacha kasi ilivyo. Bodi huamka polepole, lakini huamka.

Kanuni ya tatu ni kutodhani kwamba agizo limetimizwa. Nyaya za I2C zaweza kuvurugwa na umeme usiotulia, na chipu ya umeme yaweza kukosa kujibu. Katika bodi za chipu za Allwinner, hatua ya kwanza ya U-Boot huweka kumbukumbu ya kila agizo la volti lililoshindwa. Likishindwa hata moja, kasi haipandishwi, na sababu huchapishwa kwenye skrini ya fundi.

Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Hapa methali hiyo ni hesabu tupu: kasi isiyo na volti ya kuibeba huharibu kazi iliyokuwa ikiharakishwa.

Kanuni ya nne ni kufunga milango. Katika TPS65217 rejista za volti zina kufuli. Anayetaka kuandika hutanguliza namba ya siri inayopatikana kwa kuchanganya namba maalumu na anwani ya rejista yenyewe, na kwa rejista nyeti zaidi hubidi arudie zoezi zima mara ya pili. Kufuli hii haimzuii mwizi, kwani namba imechapishwa kwenye waraka wa chipu. Huzuia kelele za umeme au programu iliyopotea njia zisiandike volti hatari kwa bahati mbaya.

Betri iliyochoka

Kifaa chenye betri huepuka matatizo mengi na kuleta mengine. Betri ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2, na kuitumia hadi chini ya takriban volti 3 huidhuru.

Tatizo kuu hujitokeza betri inapokaribia kuisha. Ikiwa haina mzigo, volti yake huonekana nzuri. Chipu kuu na redio ya mawasiliano zikiwaka pamoja, mkondo huongezeka ghafla na volti hushuka. Kifaa huzimika. Mzigo ukiondoka, volti hupanda tena, nacho huanza upya. Mzunguko huo hurudiwa hadi betri ife kabisa, ilhali mwenye kifaa huona taa tu ikiwaka na kuzimika.

Dawa yake iko katika kiendeshaji cha programu anzishi. Kwanza, betri hupimwa kabla ya sehemu zinazotumia umeme mwingi kuwashwa. Pili, ikiwa chini ya kiwango, kifaa hubaki katika kasi ndogo kikichaji na kungoja. Tatu, kiwango cha kuanzia huwekwa juu kuliko cha kuzimia. Tuseme kifaa huzimwa volti zikifika 3.4, basi kisiruhusiwe kuanza hadi zifike 3.6 au zaidi. Pengo hilo ndilo linalokata mzunguko.

Mbunifu akumbuke jambo moja dogo lenye madhara makubwa. Bodi nyingi huwa na saa mlinzi, ambayo huanzisha kifaa upya ikiwa programu haijaigusa kwa muda fulani. Programu anzishi inayongoja betri ijae hubidi iendelee kuigusa saa hiyo, la sivyo mlinzi mwenyewe ndiye atakayeanzisha ule mzunguko uliokuwa ukikimbiwa.

Milisekunde kumi na nane

Kwa kifaa kisicho na betri, swali ni muda gani unaobaki baada ya umeme kukatika. Jibu limo katika kapasita za bodi, ambazo huhifadhi umeme kidogo.

Chukua kapasita ya mikrofaradi 1,000 iliyojazwa hadi volti 12, katika bodi inayoacha kufanya kazi volti zikishuka hadi 6. Nishati inayopatikana kati ya viwango hivyo ni takriban milijuli 54. Bodi inayotumia wati 3 huimaliza kwa milisekunde 18.

Kufuta sehemu moja ndogo ya kumbukumbu ya flashi aina ya NOR huchukua makumi ya milisekunde. Kwa maneno mengine, ikiwa kifaa kilikuwa kinaandika wakati stima inapotea, hakuna programu itakayowahi kumaliza kazi hiyo. Kilichofutwa kimefutwa, na kipya hakijaandikwa.

Ndiyo sababu wabunifu huiwekea U-Boot nakala mbili za mipangilio yake. Kila nakala huwa na namba ya ukaguzi. Inapobadilisha jambo, huandika nakala ya zamani na kuacha nyingine ilivyo. Umeme ukikatika katikati, namba ya ukaguzi ya nakala iliyoharibika haitalingana, na kifaa kitaanza kwa ile nzima.

U-Boot pia ina kihesabio cha majaribio ya kuanza. Kila jaribio lisilofaulu huongeza moja, na kikomo kikipitwa kifaa hugeukia njia mbadala, kwa mfano toleo la zamani la programu. Ni kinga nzuri dhidi ya programu mbovu.

Lakini mahali ambapo stima hupepesa kinga hiyo yaweza kugeuka mtego. Ikiwa kihesabio kimewekwa katika kumbukumbu ya kudumu, mipepeso mitatu ndani ya dakika moja huonekana kama majaribio matatu yaliyoshindwa. Ruta iliyokuwa nzima hurudishwa kwenye programu ya mwaka jana, pengine ikiwa na mipangilio isiyouafiki mtandao tena.

Hapa tena jibu ni kuuliza kabla ya kuhesabu. Chipu nyingi huweka alama ya sababu ya kuanza upya: kama ni umeme uliokatika, ni saa mlinzi au ni amri ya programu. Kiendeshaji kizuri huisoma alama hiyo mapema, na programu anzishi huhesabu makosa ya programu pekee. Kukatika kwa umeme si kosa la kifaa.

Hali ya Nairobi

Masuala haya yana uzito wa pekee Nairobi kwa sababu vifaa vingi vinavyouzwa humo vilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako umeme haukatiki mara kwa mara.

Waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kulisema jambo hilo hadharani ni waanzilishi wa BRCK, kampuni iliyotokana na shirika la Ushahidi. Mwaka 2013 walichangisha zaidi ya dola 170,000 za Marekani kupitia Kickstarter, na mwaka 2014 wakaanza kusambaza ruta iliyobuniwa Nairobi. Ruta hiyo ilikuwa na betri ya kuitosha kwa takriban saa nane na iliweza kuhama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine stima au laini inapopotea.

Huko Kibera, taasisi ya Tunapanda ilianzisha mtandao wa jamii uitwao TunapandaNET unaounganisha shule na vituo vya vijana. Kampuni ya Poa Internet nayo imekuwa ikiuza intaneti ya bei nafuu Kibera na Kawangware. Mitandao ya namna hii hutegemea vifaa vilivyo juu ya mapaa na minara midogo. Kifaa kimoja kikikwama baada ya stima kurudi, walio nyuma yake wote hukosa mawasiliano hadi fundi apande juu.

Umeme wenyewe umebadilika. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, mradi wa kuunganisha mitaa ya mabanda kihalali uliongeza nyumba zilizounganishwa nchini kutoka 5,000 hadi 150,000 katika mwaka mmoja uliokamilika Mei 2015. Hata hivyo, nyaya zisizo halali zingalipo, na laini inayobeba mzigo kuliko uwezo wake hushuka volti, hasa jioni.

Wala tatizo si la mabanda pekee. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na kusababisha nchi nzima kukosa umeme kwa saa kadhaa. Agosti 25, 2023, giza liliikumba tena sehemu kubwa ya nchi, ukiwemo uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Siku kama hizo vifaa vyote, vya Lindi na vya Lavington, hupitia mtihani mmoja stima inaporudi.

Maswali ya mnunuzi

Shule, zahanati au kampuni inayonunua vifaa vya namna hii kwa wingi haihitaji kusoma msimbo wa programu. Inatosha kumwuliza muuzaji maswali manne. Je, kifaa hufanya nini kikipewa volti pungufu? Mipangilio yake ina nakala mbili? Kihesabio chake hutofautisha programu iliyoshindwa na umeme uliokatika? Kimewahi kukatiwa umeme mara ngapi katika majaribio?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Jaribio lake halina gharama kubwa: swichi inayoendeshwa na kompyuta hukata na kurudisha umeme kwa nyakati zisizopangwa, mara elfu moja au zaidi, usiku kucha, huku matokeo yakiandikwa. Kifaa kinachoamka mara 999 kati ya 1,000 chaonekana kizuri. Ila katika mtaa ambako stima hupotea mara tatu kwa juma, ile mara moja iliyobaki hufika kwa wastani baada ya takriban miaka sita na nusu kwa kifaa kimoja. Kwa mtandao wenye vifaa 100, hufika kila baada ya wiki tatu hivi.

Kila mara hiyo ni safari ya fundi, siku ya masomo iliyopotea, au duka lililoshindwa kupokea malipo. Mistari michache ya kiendeshaji cha umeme, ikiandikwa kwa uangalifu, ndiyo inayoamua kama safari hiyo itahitajika.